Kibra Ilikuwa Msitu, Kawangware Ilikuwa ya Kwale. Ramani Mpya Inatuona Wapi?

Hebu tuanze na majina ya mitaa yetu.

Kibera inatokana na "kibra", neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Wanubi walikuwa askari wenye asili ya Sudan waliopigania Waingereza kwenye kikosi cha King's African Rifles. Walianza kukaa hapa mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni ikatangaza rasmi zaidi ya ekari 4,000 kuwa ardhi ya jeshi. Walipotafuta jina la mahali walitaja kile walichokiona mbele yao, yaani miti. Ukivuka Ngong Road ukaingia Kawangware, wengi watakuambia jina limebeba "ngware", neno la Kikuyu la ndege tunayemwita kwale. Huyo ni ndege wa nyasi, vichaka na kando ya mashamba. Anatembea chini kama kuku, na asubuhi kelele zake zinakuamsha kabla ya alamu.

Sasa niambie, mara ya mwisho uliona kwale pale 46 ilikuwa lini? Na ule msitu wa Kibra uko wapi siku hizi, Makina, Lindi ama Laini Saba?

Sileti hii stori ndio tulie juu ya zamani. Naileta kwa sababu majina hayo mawili ni data. Mtu alikuwa mahali fulani, wakati fulani, akaona kiumbe fulani, na jina likabaki. Leo kuna wanasayansi ambao kazi yao yote imejengwa juu ya taarifa za aina hiyo hiyo: kiumbe gani, wapi, lini. Wanaziingiza kwenye kompyuta pamoja na joto na mvua, halafu wanachora ramani ya mahali mimea na wanyama watakaa miaka 30 au 50 ijayo. Ramani hizo zinasaidia kuamua miti gani ipandwe, zao gani lipewe pesa, na dawa za malaria zipelekwe wapi.

Maoni yangu ni rahisi. Hizo ramani ni nzuri na tunazihitaji, lakini zina shimo, na kwenye hilo shimo ndio tunaishi sisi. Nitakuonyesha kwa historia.

Mji uliojengwa kwenye mpaka

Nairobi imekaa mahali pa ajabu kidogo. Upande wa magharibi na kaskazini kulikuwa na nyanda za juu, msitu na mashamba ya Wakikuyu. Upande wa kusini na mashariki kulikuwa na mbuga ya Athi, nyasi na mifugo ya Wamaasai. Jina lenyewe, Enkare Nairobi, ni la Kimaasai na linamaanisha maji baridi. Yaani mji huu ulianza pale mazingira mawili yanapokutana, na mahali kama hapo viumbe huwa wengi, kwa sababu wa msituni na wa mbugani wote wanapita.

Wageni waliligundua hilo mapema. Mwaka 1890 Frederick Lugard alijenga ngome ya kampuni ya Waingereza pale Dagoretti, kwenye ukingo wa msitu. Hakufuata mandhari. Misafara ya kwenda Uganda ilihitaji chakula, na chakula kilikuwa kwa wakulima wa Kikuyu walioishi ng'ambo ya miti. Mpaka wa mimea ukawa mpaka wa biashara, na baadaye ukawa mpaka wa utawala.

Halafu mwaka 1899 reli ikafika. Treni za wakati huo zilikula kuni. Miti ya kienyeji ikakatwa, na kufikia 1902 mikaratusi ilishaletwa kutoka Australia kwa sababu inakua haraka na kulisha injini. Ile mikaratusi unayoona kila kona ya Nairobi hadi leo haikujileta. Ililetwa na uamuzi wa ofisi. Jakaranda pia ni mgeni kutoka Amerika Kusini, hata kama tunapigia picha maua yake kama yetu. Muthaiga ni mtaa wa matajiri ambao jina lake ni la mti wa dawa kwa Wakikuyu. Mti ukakonda, jina likabaki kwenye geti la klabu.

Upande wetu, Msitu wa Ngong Road ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932, na tangu hapo umepoteza zaidi ya nusu ya ukubwa wake kwa barabara, majumba na vipande vilivyogawiwa watu. Mwaka 1953 wakajenga Nairobi Dam, ziwa la ekari 88 kati ya Kibera na Lang'ata, liwe akiba ya maji safi ya mji. Mto Motoine ulioingiza maji ukaanza kuleta maji taka na taka ngumu. Likaja gugumaji, lile gugu la Amerika Kusini lililosumbua Ziwa Victoria hadi wavuvi wakashindwa kutoa mashua, likafunika dam ikaonekana kama uwanja wa mpira.

Shika hapo kwenye gugumaji, tutarudi.

Jinsi watu walivyojifunza kutabiri

Wazo kwamba kila kiumbe kina mahali pake pa hali ya hewa si jipya. Mwaka 1802 Mjerumani Alexander von Humboldt alipanda mlima Chimborazo kule Ecuador, na mwaka 1807 akachapisha mchoro unaoonyesha mimea ikibadilika kadiri unavyopanda. Mkulima yeyote wa Kiambu au Taita angemwambia hilo bure. Hujawahi kuona mtu akipanda mnazi Limuru. Mwaka 1917 Joseph Grinnell wa California akaandika kuhusu ndege mmoja wa huko na masharti anayohitaji ndio aishi, na watu wa ikolojia bado wanalitaja andiko hilo.

Hapa kwetu kazi ya kukusanya ilianza na wakoloni. Wajerumani walifungua taasisi ya utafiti pale Amani, Tanga, mwaka 1902. Mimea iliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi ikawa mingi, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia hazina hiyo ikahamishiwa Nairobi. Leo iko kwenye makumbusho ya taifa, kule Museum Hill. Kila karatasi ina jina la mmea, mahali ulipochumwa na tarehe. Baadaye mtaalamu aitwaye Colin Trapnell na wenzake wakachora ramani za mimea ya kusini magharibi mwa Kenya kwa kutumia picha za ndege na miguu yao. Muda mrefu baadaye, kama mwaka 2011, Chuo Kikuu cha Copenhagen na shirika la ICRAF la hapo Gigiri wakatumia ramani za aina hiyo kutengeneza ramani kubwa ya Afrika Mashariki inayoonyesha ni mimea gani ya asili ingekuwepo mahali fulani kama binadamu hangeingilia. Ukitaka kujua Kibera ilikuwa nini kabla ya mabati, pa kuanzia ni pale.

Kompyuta ziliingia miaka ya 1980. Mwaka 1984 Waaustralia walikuwa na programu iitwayo BIOCLIM. Mwaka 2006 watafiti watatu wa Marekani wakachapisha nyingine, MaxEnt, na hiyo ikaenea dunia nzima kwa sababu ni ya bure na inafanya kazi hata ukiwa na taarifa chache.

Inafanyaje kazi? Fikiria unataka kufungua kibanda cha smokie. Unazunguka mtaa na kuandika kila mahali ambapo mwenye smokie anauza vizuri. Halafu unaangalia hizo sehemu zinafanana kwa nini: ziko karibu na stage, kuna geti la shule, watu wanapita jioni, kuna taa. Ukishajua masharti hayo, unaweza kuchukua ramani ya mtaa ambao hujawahi kufika na kusema, "hapa smokie itauza." Na mtu akikuambia stage itahamishwa mwakani, unaweza kukisia wauzaji wataelekea wapi.

Weka mbu au mti wa muiri mahali pa smokie, weka joto na mvua mahali pa stage, na ushapata modeli. Mabadiliko ya tabianchi ndio ile stage inayohama.

Lakini ona tatizo. Je, kama ulizunguka barabara kuu tu? Wauzaji wa vichochoroni hawako kwenye orodha yako. Utatangaza kwamba smokie haziuzwi vichochoroni, na utakuwa umekosea kabisa, na karatasi yako itakuwa na namba nzuri nzuri. Ndivyo ilivyokuwa kwa wakusanyaji wa kikoloni. Walichuma mimea karibu na reli, barabara, misheni na vilima vyenye upepo mzuri. Mahali ambapo hawakutaka kulala, hawakukusanya.

Viumbe washaanza kutembea

Usidhani haya ni mambo ya 2080. Chukua chai. Mwaka 2011 watafiti wa CIAT walitoa ripoti juu ya majani chai ya Kenya. Kwa sasa, walisema, eneo bora liko kati ya mita 1,500 na 2,100 juu ya usawa wa bahari. Kufikia 2050 litapanda hadi kati ya mita 2,000 na 2,300. Tatizo la kupanda mlima ni kwamba mlima una mwisho, na huko juu ndiko misitu iliyobaki iko. Chai ikipanda inakutana na miti, halafu mkulima na askari wa msitu wanaanza kuangaliana vibaya.

Chukua kunguru wa Mombasa, yule mwizi wa chipsi. Asili yake ni India. Aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ati asafishe taka, kufikia miaka ya 1940 alishafika Mombasa, na tangu hapo amekuwa akisogea bara akifuata barabara na takataka zetu. Hakuna modeli ya mvua peke yake ingeweza kueleza safari hiyo. Lazima uweke binadamu kwenye hesabu.

Na chukua mbu wa malaria. Watafiti wa KEMRI-Wellcome hapa Nairobi, wakiongozwa na David Kyalo, walikusanya rekodi za mbu wa Anopheles barani Afrika kutoka 1898 hadi 2016. Waliingia kwenye ripoti za zamani, maktaba na makabrasha yenye vumbi hadi wakapata zaidi ya sehemu 13,000 zenye mahali na tarehe. Ilitoka 2017. Mwaka 2023 Colin Carlson na wenzake kule Marekani wakachukua orodha hiyo wakaipigia hesabu: kwa wastani mbu hao wamepanda mita 6.5 kila mwaka, na mpaka wao wa kusini umesogea kilomita 4.7 kila mwaka. Zidisha kwa zaidi ya miaka 100 uone. Ni zaidi ya mita 700 kwenda juu. Wenyewe walisema inalingana na ongezeko la joto, bila kudai kwamba joto ndilo sababu pekee.

Mimi kilichonigusa ni kwamba kazi ya 2023 isingewezekana bila karani fulani wa 1920 au 1950 aliyeandika "hapa, leo, mbu wa aina hii" na kuhifadhi karatasi. Historia iliyowekwa vizuri ikawa onyo la kesho.

Kipimajoto cha Dagoretti

Sasa turudi mtaani.

Watu wa Nairobi wamezoea kusema hapa hakuna malaria. Mji uko karibu mita 1,700 juu ya bahari na usiku ni baridi. Kijidudu cha malaria kinahitaji joto ndio kikue ndani ya mbu. Joto likishuka kufikia nyuzi 16 hivi kinakwama, na mbu anakufa kabla hakijakomaa. Ndio maana ukienda hospitali Nairobi ukiwa na malaria, swali la kwanza ni, "Ulisafiri?"

Lakini joto la Nairobi linapimwa wapi? Makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa yako Dagoretti Corner, kando ya Ngong Road. Kutoka hapo unatembea tu hadi Kawangware, na Kibera haiko mbali upande wa pili. Kipimajoto kiko mahali penye nyasi na hewa inayopita, kama sheria za kimataifa zinavyotaka. Hilo si kosa la mtu. Kinapima hewa ya mji, na kinapima sawasawa.

Shida ni kwamba mbu haishi kwenye nyasi za Idara. Anaingia kwenye nyumba ya futi 10 kwa 10, mabati juu, mabati kando, jiko ndani, watu sita wanalala. Mwaka 2017 jarida la PLOS ONE lilichapisha utafiti ulioongozwa na Anna Scott. Waliweka vipimajoto vidogo Kibera, Mathare na Mukuru wakati wa miezi ya joto, wakalinganisha na Dagoretti. Mitaa ilikuwa na joto zaidi kwa nyuzi kadhaa. Mji mmoja, mwezi mmoja, lakini hewa tofauti. Waliona pia kwamba penye miti joto lilikuwa afadhali.

Sasa unganisha. Modeli nyingi hutumia ramani za hali ya hewa zilizotengenezwa kutokana na vituo kama Dagoretti, kisha zikagawanywa kwa miraba ya kilomita moja kwa moja, au mikubwa zaidi. Mradi wa Kenya Bird Map, ulioanza 2013 na ambao naupenda sana, unatumia miraba ya karibu kilomita 9 kwa 9. Kibera yote haifiki hata kilomita 3 za mraba. Kwa hiyo kwenye mraba mmoja unaweza kuweka Kibera, kipande cha msitu, uwanja wa gofu na nyumba za watu wenye bwawa la kuogelea. Kompyuta inachukua wastani. Wastani wa mtu mwenye njaa na mtu aliyeshiba ni watu wawili walioshiba nusu. Kwa karatasi ni sawa, lakini kwa tumbo ni uongo.

Hilo ndilo shimo ninalosema. Watu laki kadhaa wanaishi kwenye hali ya hewa ambayo haiko kwenye ramani.

Mbu anayependa mtungi

Na sasa kuna mgeni njiani. Anaitwa Anopheles stephensi. Asili yake ni Asia ya Kusini na Rasi ya Arabuni. Mwaka 2012 alionekana Djibouti, 2016 Ethiopia, na kufikia 2023 KEMRI ilikuwa imetangaza kwamba amepatikana Kenya, kule Marsabit.

Mbu wa malaria tuliomzoea ni wa mashambani. Anataka dimbwi la maji yaliyotulia na yenye jua. Mji mchafu unamfukuza. Huyu mgeni ni mtu wa mjini. Anataga kwenye tangi, pipa, ndoo, mtungi. Msimu wa ukame haumsumbui, kwa sababu ukame ndio wakati watu wanaweka maji nyumbani zaidi.

Mwaka 2020 Marianne Sinka wa Oxford na wenzake walitoa modeli kwenye jarida la PNAS. Walichukua mahali ambapo huyu mbu ameshaonekana duniani, wakaweka joto, mvua na pia msongamano wa watu, halafu wakauliza: akiendelea kuenea Afrika, atafaa kukaa wapi? Jibu lilikuwa kwamba watu milioni 126 zaidi wa mijini wanaweza kuingia hatarini. Hiyo ilichapishwa kabla hajathibitishwa Kenya. Modeli ilipiga kelele mapema, na hapo naipa heshima yake.

Lakini angalia mtaa wetu kwa macho ya huyo mbu. Mfereji unatoka maji siku mbili kwa wiki, siku zingine hakuna. Kila nyumba ina mitungi ya lita 20, minne, mitano, na tangi jeusi la muuza maji liko pale kona. Mvua ikija ama isije, maji yaliyotulia yapo. Hii hali ya hewa haikuletwa na Mungu, imeletwa na bomba kavu. Ukiniuliza kama stephensi ataweza kuishi Kibera ama Kawangware, nitakuambia jibu moja liko kwenye kipimajoto cha ndani ya nyumba, na jibu la pili liko kwa kampuni ya maji.

Ndio maana nilikuambia ushike gugumaji. Modeli ya hali ya hewa inaweza kusema gugumaji linaweza kuishi Nairobi. Sawa. Lakini lilichofanya Nairobi Dam hakikutokana na joto tu. Lililishwa na choo cha mji, naitrojeni na fosforasi zikishuka na Motoine kila siku. Ukiondoa maji taka kwenye hadithi, hutaelewa gugu. Ukiondoa bomba kavu, hutaelewa mbu. Ukiondoa reli, hutaelewa mikaratusi. Mazingira yanabadilika kwa sababu ya jua na mvua, na pia kwa sababu mtu fulani alisaini karatasi.

"Tuna shida kubwa kuliko kwale"

Najua kuna msee atasema hivyo kwenye komenti, kwa hivyo nimjibu hapa.

Kwanza, ni kweli. Kodi ni shida kubwa kuliko kwale. Lakini homa ni kodi pia. Mtoto akilala na malaria siku tano, mama hafungui kibanda siku tano. Joto la mabati ni kodi. Ukikosa mti wa kivuli unalipa kwa jasho na usingizi.

Pili, pesa zinatembea kwa ramani. Desemba 2022 serikali ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 tukapewa hadi sikukuu ya kupanda miti. Kuna aplikesheni ya JazaMiti inayojaribu kukuambia miti gani inafaa eneo lako. Hiyo ni modeli ya mtawanyiko wa spishi ndani ya mfuko wako, iwe unajua ama hujui. Swali langu ni, eneo letu linahesabiwa kama nini? Kama sehemu ya miti, ama kama sehemu ya kubomolewa ndio miti ya wengine ikae?

Na hapo nakubali kuna hatari. Mafuriko ya 2024 yalipopita, watu waliokuwa wamepoteza kila kitu kando ya mito ya Nairobi waliletewa tingatinga kwa jina la kulinda mto. Ramani inaweza kukulinda na inaweza kukuhamisha. Kwa hiyo sisemi tutoe data yetu kwa kila mtu mwenye tabuleti na fulana ya mradi. Nasema tuwe kati ya wanaochora, ndio tukiulizwa "hapa ni nini?" tuwe na jibu letu lililoandikwa, lenye tarehe.

Tatu, modeli si unabii. Inakuonyesha mahali kiumbe kinaweza kuishi, haiahidi kwamba kitafika. Simba wa Nairobi National Park anaweza kuoneshwa mahali pazuri kusini, lakini njia ya kwenda huko, Kitengela, inazibwa na ua na nyumba mwaka baada ya mwaka. Hifadhi ilianzishwa 1946 ikiwa wazi upande huo kwa sababu wanyama walihitaji kutoka na kurudi. Kwale naye hata akipendwa na kompyuta, atavuka Ngong Road vipi? Kati ya "anaweza" na "atafanya" kuna sisi.

Kazi ya Jumamosi moja

Kwa hivyo nataka tufanye nini? Vitu vitatu vidogo.

Muulize mzee mmoja wa mtaa wako alikuta nini alipofika. Muulize mti gani ulikuwa wapi, ndege gani, mto ulikuwa na samaki ama hapana, na mwaka gani wakatoweka. Muulize mzee wa Kinubi pale Makina, muulize shosho wa Kikuyu pale Kawangware, na usisahau aliyehamia kutoka Busia mwaka 1978, yeye pia ana macho. Andika mahali na mwaka, hata kama mwaka ni "ile ya jaribio la mapinduzi." Sisi tunajua hiyo ni 1982.

Ukiona ndege, mti au mdudu, piga picha yenye mahali na tarehe, iweke kwenye iNaturalist, au kama ni ndege jiunge na Kenya Bird Map. Marabou wa jalalani ni data. Mwewe anayeiba nyama pale buchari ni data. Usingoje twiga.

Na kipimajoto cha ukutani si bei. Darasa moja la shule ya mtaa likisoma joto la ndani ya nyumba kumi kila usiku kwa mwezi mmoja, litakuwa na kitu ambacho kituo cha Dagoretti hakiwezi kutoa.

Yule Mnubi wa kwanza aliyesema "kibra" hakujua anaandika rekodi. Aliangalia, akataja. Zaidi ya miaka 100 baadaye, miti imeisha na neno bado liko, na kwa neno hilo tunajua kilichokuwepo. Watu watakaochora ramani ya 2080 watatafuta rekodi za miaka yetu. Wakifika kwenye mraba wetu, wakute nini?

Andika chini hapa: mtaa wako, mti au mnyama mmoja aliyekuwepo ukiwa mdogo na leo hayupo, na mwaka. Tuanze orodha na hiyo.